Cherehani, Doti na Uhuru: Namna Tulivyojivisha Wenyewe

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, sisi Watanzania wa Uingereza huwa tunafanya mambo mawili kabla pilau halijaiva. Tunatundika bendera ukutani, na tunavaa. Akina mama hutoa vitenge na kanga zilizolala kabatini tangu mwaka jana, akina baba hutoa kanzu na mashati ya batiki, na watoto huvalishwa huku wakinung'unika kwamba ukumbi una baridi. Bendera na vazi, vyote viwili ni kitambaa na uzi. Lakini katika hotuba za siku hiyo ni nadra kusikia mtu akieleza kitambaa hicho kilitoka wapi, nani alikishona, na ilikuwaje bibi zetu wakaishi na nguo moja miaka 20, wakati sisi kila msimu tunabeba mifuko ya nguo kupeleka kwenye maduka ya hisani.

Makala haya yanajaribu kueleza hayo, hasa kwa watoto wetu waliozaliwa huku. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 tuko katikati: tuliwaona mama zetu wakishona, na tunawaona watoto wetu wakiagiza nguo kwa simu. Tusipowaambia, hakuna atakayewaambia.

Kabla ya merikani

Watu wengine hudhani kwamba kabla ya wageni kuja hatukuwa na nguo. Si kweli. Katika magofu ya miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta vigurudumu vidogo vya vigae vilivyotumika kusokotea uzi. Ibn Battuta, msafiri aliyepita pwani yetu mwaka 1331, aliandika kwamba vitambaa vilivyofumwa Mogadishu vilisafirishwa hadi Misri. Ufipa, Unyamwezi na bonde la Rufiji walikuwa na mafundi wa kufuma pamba yao wenyewe. Buhaya, kama kwa jirani zao Waganda, walitwanga magome ya miti mpaka yakalainika kuwa vazi. Nguo hizo zilichukua siku nyingi kutengenezwa, kwa hiyo zilitunzwa na kurithishwa.

Kilichoziua kazi hizo ni bei. Mwaka 1833 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alitiliana saini mkataba wa biashara na Marekani. Meli za wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinaleta majora ya kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kigumu na cha kudumu, na kurudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Watu wetu wakakiita kitambaa hicho kwa jina la kwao: merikani. Pamba yake ilivunwa na Waafrika waliokuwa watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari hadi Zanzibar. Hapo ikafungwa mizigo, ikabebwa mabegani hadi Tabora na Ujiji kununulia pembe, na baadhi ya pembe hizo zikaishia kuwa vibao vya piano huko huko Marekani.

Merikani ilikuwa fedha. Vipimo vyake bado vimo midomoni mwetu: shuka ilikuwa mikono minne, doti ni shuka mbili, jora kiasi cha yadi 30. Msafara ulipofika kwa mtemi ulilipa hongo kwa doti. Furushi la nguo la mpagazi, lenye uzito wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30, liliitwa mtumba. Watoto, likumbukeni neno hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata njia ya pamba, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Jina halikubadilika. Mpaka leo kitambaa kile cheupe kisichopaushwa ni merikani, hata kikitoka kwingine kabisa.

Kutoka kaniki hadi kanga

Katika miji ya pwani ya karne ya 19 nguo ilitangaza cheo cha mtu kabla hajafungua mdomo. Kwa desturi mwanamume mtumwa hakuvaa kofia wala viatu. Mwanamke mtumwa alijifunga merikani, au kaniki, yaani kitambaa kilichotiwa nili mpaka kikakaribia weusi. Mwungwana alijulikana kwa kanzu, kilemba na joho.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar. Kwa Tanganyika sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Wengi wa waliokuwa watumwa hawakupewa shamba wala mtaji. Lakini jambo moja waliweza kulifanya mara moja: kubadili nguo. Waliiacha kaniki. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake walinunua kanga. Wanahistoria walioandika juu ya Zanzibar ya wakati huo wanaona katika kanga tangazo la uhuru lililotangulia tangazo lolote la serikali. Mwanamke aliyekuwa akivishwa na bwana sasa alijichagulia rangi yake, kwa pesa yake.

Na kanga yenyewe ilizaliwa kwa sindano. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zilizouzwa zikiwa hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakaziunga kwa uzi hadi zikawa vazi moja pana. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza vitambaa vilivyochapwa vikiwa vipana tayari. Vya mwanzo vilikuwa na madoadoa kama ya ndege kanga, ndiyo asili ya jina. Wenzetu wa Mombasa mpaka leo wanasema leso. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini. Mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, husifiwa kwa kuyaeneza, na kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" bado zinatafutwa.

Kanga hizo zilichapwa wapi? Nyingi zilichapwa Uingereza na Uholanzi, baadaye Uhindi na Japani. Watoto wetu wanaosoma Manchester hufundishwa shuleni juu ya viwanda vya pamba vya Lancashire. Ni haki yao kujua pia kwamba sehemu ya kitambaa cha viwanda vile ilifungwa kiunoni na mama wa bibi zao.

Kanga haikuwa nguo ya kununua na kuvaa papo hapo. Doti hutoka dukani ikiwa moja. Lazima ikatwe katikati na kupindwa pande mbili. Ndiyo maana mbele ya kila duka la kanga, kuanzia Mombasa hadi Mtaa wa Uhuru jijini Dar es Salaam, hakosi kuwapo mtu mwenye cherehani.

Pamba yetu na uhuru wetu

Historia ya uhuru wa Tanganyika ina uzi wa pamba ndani yake tangu mwanzo. Wajerumani walilazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa viboko na ujira wa kudhalilisha. Julai 1905, huko Nandete, Umatumbi, watu waliingia katika shamba hilo wakaing'oa miche. Hivyo ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji, vilivyodumu hadi 1907 na kuua watu makumi kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa iliyofuata. Waliopigana hawakuichukia pamba kama mmea. Walikataa kulimishwa kitu ambacho hakikuwavika wala kuwalisha.

Miaka 50 baadaye pamba hiyo hiyo ilifanya kazi nyingine. Wakulima wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, waliungana kuuza pamba yao wenyewe badala ya kupunjwa kwenye mizani. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya kanda ya Ziwa Victoria, likawa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Bomani baadaye akawa waziri wa fedha wa nchi huru.

Mijini, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, alipita nyumba kwa nyumba kuanzia 1955 akiwaingiza wanawake TANU kwa maelfu. Vikundi vile vya ngoma vilikuwa na desturi yao: kushona sare. Wanawake waliozoea kuchangishana pesa, kununua kanga za aina moja na kutokea pamoja walikuwa wamekwisha jifunza kujipanga kabla mwanasiasa yeyote hajawafundisha.

Lakini tulipopandisha bendera Desemba 1961 hali ilikuwa hii: pamba ilitoka nchini ikiwa marobota, ikarudi ikiwa nguo, na bei ya kurudi haikuwa bei ya kuondoka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaka kulivunja duara hilo. Mwaka 1968 kilifunguliwa kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kwa msaada wa China. Mwanza ikawa na Mwatex, Arusha ikawa na Kiltex, Musoma ikaja kupata Mutex. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na kiwanda cha nguo Jinja tangu miaka ya 1950, kikitumia umeme wa bwawa la Mto Nile. Kwa mara ya kwanza tangu zama za wafumaji wa Rufiji na Ufipa, mtoto wa Tanzania aliweza kuvaa nguo ambayo pamba yake, uzi wake, rangi yake na mshono wake vyote vilifanyika nyumbani.

Cherehani

Kitambaa bila fundi si nguo. Cherehani ya Singer, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1851, ilienea duniani kwa sababu iliuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Nyingi zilizouzwa nje ya Marekani ziliundwa katika kiwanda cha Clydebank, Scotland, ambacho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilitoa zaidi ya mashine milioni moja kwa mwaka. Kilifungwa mwaka 1980. Wenzetu mnaoishi Glasgow mnaweza kupanda treni hadi kituo ambacho mpaka leo kinaitwa Singer. Baadaye zikaja Butterfly kutoka Shanghai, nyeusi na zenye maua ya dhahabu, nazo bado zinalia barazani.

Tunasema zinalia barazani kwa sababu hapo ndipo palipokuwa mahali pa fundi. Duka lilikuwa la Mhindi, kitambaa kilikuwa ndani, na fundi alikaa nje kivulini, futi shingoni, chaki sikioni, mguu mmoja kwenye kanyagio. Ulinunua mita zako, ukatoka hatua tatu, ukapimwa. Fundi alikuwa na sifa moja inayojulikana pwani na bara: nguo ya Idi au ya Krismasi huimaliza usiku wa mkesha. Lakini alikuwa pia na heshima. Yeye ndiye aliyewashonea wanaume Kaunda suti miaka ile viongozi walipoacha tai, na sare za shule za mtaa mzima kila Januari. Zanzibar na Lamu kulikuwa na fundi wa namna nyingine: mwanamke au mwanamume aliyekaa na kofia ya vito mapajani, akitoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, wiki kadhaa kwa kofia moja.

Majumbani cherehani ilikuwa benki. Ilinunuliwa kwa mchezo wa upatu, ilitolewa zawadi kwa bibi harusi, iliwekwa rehani watoto walipotakiwa karo, ikakombolewa baada ya mavuno. Mama mwenye cherehani hakulala njaa, na mwanawe hakuaibika.

Namna nguo ilivyodumu

Hapa tunataka kuwa wazi, kwa kuwa haya ndiyo yanayopotea upesi zaidi.

Kwanza, nguo ilishonwa ikijua itaishi muda mrefu. Fundi mzuri aliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono na katika pindo. Mtoto akirefuka, pindo lilifumuliwa na kushushwa. Mtu akinenepa, ubavu ulifunguliwa. Gauni moja la shule lilipita kwa dada watatu, na kila mmoja lilimkaa kana kwamba limeshonwa kwa ajili yake. Mashati ya dukani ya leo yamekatwa karibu na mshono, na hayana cha kuongeza.

Pili, nguo ilitibiwa mapema. Kola ya shati ikichakaa kwenye mkunjo, ilifumuliwa, ikageuzwa upande wa ndani ukawa nje, ikashonwa tena, na shati likaishi miaka mingine. Kifungo kilicholegea kilikazwa siku hiyo hiyo. Kiraka kilikatwa kwenye nguo ya rangi moja iliyokwisha kufa, na fundi hodari alikipachika kwa ndani mpaka ukauona kwa shida. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulio wauguzi tunaielewa kanuni hii kwa kazi yetu: kidonda kinachosafishwa kikiwa kidogo hakihitaji kushonwa.

Tatu, nguo ilihifadhiwa. Ilifuliwa kwa mkono, ikaanikwa upande wa nyuma ukitazama jua ili rangi isipauke, ikapigwa pasi ya mkaa, ikakunjwa sandukuni pamoja na karafuu au majani ya mwarobaini dhidi ya wadudu. Ikitolewa kwa sikukuu ilifukizwa udi. Kulikuwa na nguo za kutokea na nguo za kushindia, na mtoto aliyerudi shuleni alivua sare kabla ya kula.

Nne, nguo haikutupwa, ilibadilishwa kazi. Tazama maisha ya kanga moja. Ikiwa mpya ni ya kutokea harusini. Ikizoeleka ni ya nyumbani na jikoni. Ikilainika inakuwa mbeleko. Katika wodi za wazazi za nyumbani, mama anayekuja kujifungua huja na kanga zake, na wakunga husema wazi kwamba zile kuukuu ndizo bora, kwa kuwa zimefuliwa mara nyingi, zinanyonya maji vizuri, na hazikwaruzi ngozi ya mtoto. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili kitu cha kwanza kilichotugusa duniani, baada ya mikono ya mkunga, ni kanga iliyokuwa na umri kutuzidi. Baada ya hapo inakatwa kuwa nepi, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, na mwisho dekio. Kanga ya namna hiyo ilikuwa imetumika kwa miaka 15 au 20.

Miaka ya dhiki, na mtumba unaorudi

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni, vilituacha bila vitu vingi. Viwanda vilikosa vipuri, rangi na umeme wa uhakika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na nguo vilipangiwa foleni kwenye maduka ya ushirika, na mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sisi tulikuwa watoto. Tunakumbuka kitambaa kikipatikana kwa mgawo, familia nzima ikitoka na nguo za jora moja kama wanakwaya. Tunakumbuka mapazia yaliyogeuka magauni. Ni katika miaka ile ndipo ujuzi wa akina mama ulipoonekana thamani yake, kwa sababu nyumba yenye sindano na mwenye kuijua haikutembea uchi.

Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa, na nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikaanza kuingia kwa wingi. Watu wakazipa jina la zamani: mitumba. Neno la furushi la mpagazi lilirudi bandarini, safari hii likishuka kutoka kwenye kontena.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Mitumba iliwasitiri watu waliokuwa wamevaa matambara, na hadi leo inawalisha maelfu ya wauzaji, wafuaji na mafundi wanaopunguza viuno na kufupisha mikono. Wala si mitumba peke yake iliyovimaliza viwanda: mitambo ilichakaa, madeni yalirundikana, umeme ulikatika, na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia ziliingia. Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vilifungwa au kubinafsishwa, na Urafiki ukawa kampuni ya ubia kati ya Tanzania na China. Lakini mwisho wake tuliuona: sehemu kubwa ya pamba yetu ilirudi kule kule, kuuzwa nje ikiwa marobota.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi kufikia 2019. Marekani ilipotishia kuziondolea unafuu wa ushuru wa AGOA, Tanzania, Kenya na Uganda zililegeza. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika unafuu huo. Miaka 185 baada ya mkataba wa Seyyid Said, bado tulikuwa tunazungumza na Marekani juu ya nguo gani tuvae. Methali yetu inasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Iliyotupwa na mwingine nayo inasitiri kwa kadiri ya hiari yake.

Sisi wa huku

Sasa tujitazame. Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazouza nje nguo kuukuu kwa wingi, na sisi ni wakazi wake. Mfuko tunaouacha mlangoni mwa duka la hisani huenda ukasafiri hadi Karume au Gikomba kabla yetu. Nguo nyingi zilizomo hazikuchakaa. Zilichosha macho tu. Na nyingi ni za kitambaa ambacho hakivumilii kufumuliwa, kwa hiyo hata fundi wa Kariakoo akizipata hana la kuzifanyia.

Kuna jambo ambalo sisi wauguzi tunalisikia kazini na tungependa wengine walijue. Wazee wa Kiingereza tunaowahudumia, wale wa miaka ya 90, wanaijua habari hii. Nguo ziligawiwa kwa kuponi nchini hapa kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949, na serikali iliwahimiza watu waziwe viraka nguo zao badala ya kununua mpya. Mwambie bibi wa Yorkshire kwamba mama yako aligeuza kola za mashati; atakuonyesha kwa vidole alivyofanya mama yake. Kwa hiyo watoto wetu wasidhani kwamba kiraka ni alama ya Uafrika au ya umaskini. Kilikuwa elimu ya kila taifa lililowahi kujitegemea. Waingereza walikuwa nayo wakaiacha. Sisi bado tuna watu wachache walio nayo, wengine wameketi nasi ukumbini leo.

Hatusemi kila mtu arudi kwenye cherehani. Zamu za usiku ni ndefu, nyumba ni ndogo, na nguo ya dukani ni rahisi kuliko mita tatu za kitambaa kizuri. Hata sare zetu za harusi siku hizi tunashonewa Dar es Salaam kwa vipimo vilivyotumwa kwa simu, na fundi anatuahidi Ijumaa kama alivyowaahidi baba zetu. Ni vizuri, kwa kuwa pesa hiyo inamfikia fundi. Tunachoomba ni mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza: kabla mwaka huu haujaisha, kila nyumba ifungue sanduku au sanduku la safari lenye nguo za wazee. Kwa kila kanga, kofia, kanzu au gauni, iandikwe karatasi ndogo: ya nani, ilinunuliwa wapi, mwaka gani, ilivaliwa kwa jambo gani, na maneno yake yana maana gani. Karatasi iwekwe ndani ya mkunjo. Tumewaona watoto wakiachiwa doti kumi za marehemu mama yao bila kujua hata moja ilikuwa ya harusi yake, na wakazitoa mfukoni pamoja na nyingine.

La pili: kila mtoto wetu, wa kike na wa kiume, ajue kutia kifungo, kupinda pindo na kuweka kiraka kabla hajaenda chuo kikuu. Ni kazi ya Jumamosi mbili. Walimu tunao. Wakati watoto wanajifunza kucheza ngoma kwa ajili ya sherehe hii, meza moja, nyuzi na sindano chache kando yake hazitaongeza gharama ya ukumbi.

La tatu: tunapofunga mzigo wa kutuma nyumbani, tupeleke ambacho sisi wenyewe tungekivaa, kizima na kinachoshoneka. Na tunapokwenda likizo, tusiishie kununua kanga za zawadi uwanjani. Twende kwa fundi, tushonewe nguo mbili za kudumu kwa kitambaa cha pamba, tulipe bei yake bila kumkaba, na tumwombe aache akiba ndani ya mshono.

Mtoto atakayerithi nguo hiyo atahitaji nafasi ya kuifungua.